Bezi ya "mwaka 1962" kutoka Katuba: ninunue au niiache?

SWALI: Mimi ni mpiga gitaa la bezi wa kwaya, naishi Kamalondo, Lubumbashi. Nina bezi moja ya Kichina ya nyuzi nne. Nimeweka akiba na ningependa kuongeza ya pili, kisha ya tatu, kidogo kidogo niwe na mkusanyo wangu. Papa mmoja wa Katuba anauza Fender Precision ambayo anasema ni ya mwaka 1962, iliachwa na Mbelgiji. Anataka dola 900. Nimekutumia picha za kichwa, shingo na mgongo. Vyuma vya shingo, vile vyembamba vilivyokingama shingoni, nimevihesabu, ni 21. Wenzangu wa kwaya wananicheka, wanasema nyuzi nne zimepitwa na wakati, ninunue ya nyuzi tano. Unanishauri nini?

JIBU: Ndugu yangu, nianze na lile litakalokuuma. Hiyo si Fender ya 1962. Lakini huenda ikawa bezi nzuri kuliko uliyo nayo sasa, kwa hiyo usiikatae kabla hujaishika mikononi.

Nimejuaje? Vyuma ulivyohesabu mwenyewe vimeshatoa jibu nusu. Precision ilitoka katika karakana ya Leo Fender kule Fullerton, California, mwaka 1951, na ile ya 1962 ina vyuma 20. Yako ina 21. Kisha tazama tena picha ya kichwa. Nyuma kidogo ya kile kipande cha mfupa ambapo nyuzi zinaanzia kuna kifuniko cheusi cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu. Chini yake pana tundu la ufunguo wa kurekebishia fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo. Precision za miaka ile zilirekebishwa upande wa pili, kwenye kisigino, pale shingo inapoingia mwilini, na fundi alilazimika kuilegeza shingo au kuitoa kabisa ili aifikie nati. Cha tatu ni namba. Kwenye picha yako imeandikwa kichwani, chini ya jina. Fender walianza kuweka namba kichwani mwaka 1976. Kabla ya hapo ilipigwa kwenye bamba la chuma la mgongoni, lile lenye skrubu nne zinazoshika shingo, na bamba la bezi yako ni tupu.

Kuna na bei yenyewe. Precision halisi ya 1962 ikiwa na sehemu zake zote huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Kampuni ya CBS iliinunua Fender mwaka 1965, na tangu hapo wakusanyaji wanazitafuta zile za kabla ya mauzo hayo kwa wivu mkubwa. (Mimi siamini kwamba kila kilichotoka kiwandani kabla ya 1965 kilikuwa dhahabu. Siku mbaya za mafundi zilikuwepo hata wakati huo.) Mtu anayejua alicho nacho hauzi kitu hicho kwa dola 900, na asiyejua asingekuwa na habari ya huo mwaka 1962.

Hata hivyo usimwite papa huyo mwongo. Jina la kichwani ni karatasi nyembamba tu inayobandikwa na kupakwa vanishi juu yake, kazi ya dakika chache kwa mwenye mkono mwepesi. Pengine iliwekwa na mtu wa kwanza, papa akaipokea pamoja na hadithi yake, naye anakuuzia kama alivyouziwa.

Sasa ni bezi gani? Kwa picha tu siwezi kukutajia kiwanda. Ninachojua ni kwamba miaka ya 1970 viwanda vya Japani viliiga gitaa za Kimarekani kwa wingi, na baadhi ya nakala hizo zilikuwa nzuri mno, hadi mwaka 1982 Fender wenyewe wakaanza kutengenezesha gitaa Japani na kuzindua jina la Squier. Baadaye kazi ya namna hiyo ilihamia Korea, Indonesia na China. Kwa hiyo bezi yenye jina la uongo inaweza kuwa na mbao za kweli. Ndiyo maana watu wakiniuliza juu ya bezi kuukuu huwa nawaambia: nunua shingo, usinunue jina.

Mwili wa bezi ya umeme ni kipande cha mti kilichokatwa. Hata ukipasuka, unaungika. Mikro, ile inayonasa sauti ya nyuzi, ikifa, unaweka nyingine. Funguo za kukazia nyuzi, daraja (pale nyuzi zinapoishia mwilini), vitufe vya sauti, vyote vinabadilika. Shingo ndiyo inayobeba mvuto wa nyuzi nne nene usiku na mchana, na ikishaharibika umenunua kuni.

Ukifika Katuba, keti uweke bezi pajani kama unapiga, nyuzi zikiwa zimekazwa kwenye sauti zake. Bonyeza uzi wa Mi, ule mnene kuliko wote, kwenye chuma cha kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ubonyeze uzi huohuo pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa umekuwa rula. Tazama katikati, karibu na chuma cha saba au cha nane. Kati ya uzi na chuma panatakiwa pawe na mwanya mdogo sana, kama theluthi moja ya milimita. Mwanya ukiwa mkubwa, shingo imevutwa mbele. Pasipokuwa na mwanya wowote, imepinda nyuma, na nyuzi zitakwaruza kwenye vyuma vya mwanzo. Mapindo hayo mawili hayanitishi, kwa kuwa fimbo iliwekwa kwa kazi hiyo.

Kinachonitisha ni shingo iliyojisokota. Inua bezi hadi usawa wa jicho, mwili ukiwa karibu nawe na kichwa kikielekea mbali, kisha tazama kingo zote mbili za shingo. Upande mmoja ukizama huku mwingine ukipanda, mshukuru papa na uende nyumbani. Hakuna fimbo inayonyoosha msokoto, na fundi atakayekuahidi atakula hela zako.

Kama shingo ni nyoofu, omba ruhusa ufungue kile kifuniko cheusi. Chukua funguo za pembe sita, za milimita 4 na 5, na za inchi pia kama unaweza kuziazima. Usilazimishe ufunguo usiokaa sawasawa, maana tundu likishaviringika ndiyo basi. Geuza kulia kidogo tu, chini ya robo mzunguko, kisha urudishe. Kulia kunakaza na kurudisha shingo nyuma, kushoto kunalegeza. Unachotaka kusikia mkononi ni ukinzani wa kawaida pande zote mbili. Nati ikizunguka bure, au ikiwa imeshakazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda mbele, bezi hiyo ni ya vipuri, na bei yake iwe ya vipuri.

Halafu pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu hadi chini, taratibu. Hapa Lubumbashi hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mvua zetu huanza kushika Novemba na huendelea hadi Machi, kisha kiangazi kinaingia, na kufikia Julai na Agosti hewa ni kavu kiasi kwamba midomo inapasuka. Mti hupoteza maji na kusinyaa. Chuma hakisinyai. Ncha za vyuma hubaki zimechomoza pembeni na kukwaruza kiganja kila unapoteremka. Bezi mpya nyingi zinazotufikia zilitengenezwa kwenye hali ya hewa yenye unyevu mwingi kuliko yetu, nazo huota meno katika kiangazi chao cha kwanza. Nadhani hata hiyo yako ya Kichina imefanya hivyo. Si ugonjwa, ni kazi ya tupa laini na uvumilivu. Lakini shingo kuukuu iliyopita viangazi vingi vya Katanga na bado pembeni ni laini, mti wake umetulia. Ukiniuliza ni mwezi gani wa kununua bezi mjini hapa, nitakuambia Agosti au Septemba, wakati kila shingo imekwisha kuonyesha ubaya wake wote. Anayenunua Februari ananunua bila kuona.

Upande wa sauti na umeme nitakwenda haraka. Piga kila uzi kwenye kila chuma, ndiyo, kila kimoja, papa akikasirika mwambie ndivyo ulivyofundishwa. Sauti inayokufa ghafla mahali pamoja inaonyesha chuma kilichoinuka au kilicholika. Kisha piga uzi mtupu, ukiugusa tu kwa kidole juu ya chuma cha 12, halafu uubonyeze palepale: sauti hizo mbili zikitofautiana sana hata baada ya kusogeza viti vya daraja, pana tatizo la vipimo. Mwishoni chomeka kebo, fungua vitufe vyote, na upime kwa multimita kati ya ncha na mwili wa jeki ya upande wa pili. Mikro ya aina ya Precision mara nyingi husoma kati ya kilo-omu 8 na 12. Isiposoma kitu, waya umekatika ndani. Mikro ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Ndiyo, shaba, ileile inayolisha mji huu, lakini fundi wa kufunga mota hawezi kukusaidia, kwani waya wake ni mnene mno kwa kazi hii.

Sasa mkusanyo. Hapa nina ugomvi na wapenzi wenzangu wengi. Wapo wanaohesabu bezi ukutani, na ukizipiga zote zinasema neno moja. Bezi kumi za sauti moja ni kama kwaya ya watu kumi wote wanaoimba soprano. Hujasema bezi yako ya Kichina ni ya umbo gani, na hilo ndilo linaloamua zaidi kuliko bei. Kama ina mikro moja iliyokatwa vipande viwili, imefuata Precision ya 1957, na hii ya Katuba itakupa sauti uliyo nayo tayari, ingawa nzuri zaidi. Kama ina mikro mbili nyembamba zilizonyooka, imefuata Jazz Bass, ambayo Fender waliitoa mwaka 1960, yenye shingo nyembamba zaidi pale juu, kama milimita 38, na sauti inayokatika vizuri kati ya gitaa. Hapo hii ya Katuba itakuwa mwenzake hasa.

Baada ya hizo mbili, mlango wa tatu ambao mimi ningeufungua ni bezi fupi. Bezi ya kawaida ina sentimita 86 na kidogo kutoka mwanzo wa nyuzi hadi daraja. Fupi ina 76, kama Höfner ya Ujerumani aliyoipiga Paul McCartney. Nyuzi zake ni legevu, sauti ni ya mviringo, na mtoto wako anaweza kujifunzia. Ya nne, isiyo na vyuma, kama ile iliyompa sifa Jaco Pastorius, lakini hiyo ingoje hadi sikio lako liwe kali, maana kanisani kidole kikikosea milimita chache kila mtu anasikia. Zile zenye betri ndani, ambazo bezi ya StingRay ya mwaka 1976 ilizipa umaarufu, ni tamu pia. Ila chomoa kebo ukimaliza kupiga, kwa kuwa kebo iliyochomekwa inaendelea kunywa betri, na betri ya volti 9 huisha Jumapili katikati ya misa, haijawahi kuisha Jumanne.

Na usikusanye mbao peke yake. Kusanya mikono. Kabla bezi ya umeme haijazoeleka hapa kwetu, Katanga tayari ilikuwa na wapigaji waliobeba bezi kwa kidole gumba huku kidole cha pili kikiimba juu. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, alifanya kazi ya watu wawili kwa gitaa moja kavu. Chukua rekodi zake, usikilize gumba tu, uhamishie kwenye nyuzi zako nne. Kisha nenda kwa Decca Mpudi na Flavien Makabi, wapiga bezi wa bendi ya TPOK Jazz. Sikiliza mahali wanapoacha kupiga. Katika sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza, vijana wengi hujaza kila nafasi, na wachezaji wanakosa pa kuweka mguu. Wale wazee waliacha tundu, na mwili wa mchezaji ndio uliolijaza.

Nyuzi tano sasa. Wenzako wana hoja, ila si ile wanayoidhani. Uzi wa tano unaongeza noti ya Si ya chini, na kweli nyimbo nyingi za ibada na za sebene za siku hizi zinateremka hadi huko. Lakini Mi yako ya chini inatetema mara 41 kwa sekunde, na hiyo noti ya Si karibu mara 31. Ampli ndogo za makanisa yetu, zenye spika ya inchi nane au kumi, hata hiyo 41 haziitoi sawasawa. Unachosikia ni sauti za juu yake, na ubongo unajaza zilizobaki. Ukishuka hadi 31 kwenye ampli hiyo unapata mtetemo wa matope na spika inayolia kwa maumivu. Isitoshe, wimbi la Mi hewani lina urefu wa mita nane hivi, kwa hiyo katika ukumbi wenye kuta za matofali na paa la bati kuna sehemu bezi inavuma na sehemu inapotea kabisa. Mwachie mwenzako apige, uzunguke ukumbini ukisikiliza, kisha usogeze ampli hata mita moja. Matatizo mengi ya "bezi yangu haisikiki" yanaishia hapo bila kutumia faranga moja.

Na kama kuna wimbo unaohitaji Re ya chini, teremsha uzi wa Mi hadi Re kabla ya kuanza. Wapigaji wa nyuzi nne wamefanya hivyo siku zote. Ukifika wakati wa kununua nyuzi tano kweli, tafuta yenye nyuzi ndefu kidogo, inchi 35 badala ya 34 kutoka mwanzo wa nyuzi hadi daraja, ili uzi wa Si ukazike vizuri isiwe kamba ya kuanikia nguo.

Kuhusu kuzitunza: zisikae chini ya bati tupu wala karibu na dirisha la jua. Wakati wa kiangazi weka ndani ya kasha kikopo chenye kifuniko kilichotobolewa, na sponji yenye unyevu ndani, isiyodondosha maji. Nyuzi usizilegeze, shingo imezoea mvuto wake. Na kwa kuwa seti ya nyuzi ni ghali hapa, zile zilizozungushiwa waya wa duara, zikishakufa sauti, unaweza kuzichemsha dakika kumi kwenye maji safi, uzikaushe kabisa kwa kitambaa na jua, uzirudishe. Sauti itang'aa tena, si kwa muda mrefu, lakini itakuvusha Pasaka. Zile zilizozungushiwa waya bapa usizichemshe. Zenyewe hunoga kadiri zinavyozeeka: James Jamerson, mpiga bezi wa studio za kampuni ya rekodi ya Motown, alijulikana kwa kutobadilisha nyuzi zake hadi zikatike.

Sasa bei. Ukikuta shingo ni nyoofu, fimbo inageuka, pembeni ni laini na mikro inasoma, mpe papa dola 300. Mwonyeshe kwa upole zile alama tatu nilizokutajia, vyuma 21, tundu la kichwani na bamba tupu, ili ajue kwamba humdharau wala hukubahatisha. Akishikilia sana, fika 350, si zaidi. Akikataa, mwachie namba yako ya simu. Wanunuzi wa bezi Katuba si wengi, na Septemba bado haijafika. Hizo dola 550 au 600 zitakazobaki usizipeleke kwenye bezi ya tatu. Nunua kwanza ampli ya bezi yenye spika ya inchi 15, hata iliyotumika, pamoja na kifaa cha kutuliza umeme, kwa sababu unajua jinsi umeme wetu unavyorudi baada ya kukatika.